MVUA YA VULI
Hotuba ya mzee mstaafu kwa wanachama

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa tawi na mwanachama wetu mstaafu, aliyefanya kazi gatini Kilindini. Tumeyapiga chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni siku ile na hawakuweza kufika.)



Katibu aliponijia nyumbani kwangu Mtongwe kuniomba niseme juu ya uzee, nilicheka. Nilimwambia, "Mwanangu, uzee hauhitaji hotuba. Ngoja tu, utakufika." Lakini hakuniacha. Alisema, "Mzee, vijana kazini wanaiogopa siku ya kustaafu, na wazee waliokwisha toka wanakaa majumbani na uchungu. Njoo utuambie kama mtu aweza kuwa na furaha na shukrani baada ya kazi kwisha." Basi nimekuja. Mimi si mwalimu. Nitasema niliyoyaona na yaliyonipata, na mwisho nitaliomba tawi jambo moja.

Kwanza nataka tuzungumze habari ya mvua.

Ninyi mliokulia pwani mwajua majira yetu. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi. Kisha huja masika, mvua kubwa, na upepo wa kusi hufuata mpaka karibu na Septemba. Baadaye, kati ya Oktoba na Desemba, huja mvua ya vuli. Hii si mvua kubwa. Hunyesha leo, ikapumzika kesho, na mwaka mwingine hukosa kabisa. Lakini mkulima mwenye akili haidharau. Husafisha shamba mapema akapanda kunde, pojo, na mahindi ya kukomaa upesi. Hasemi, "Kwa kuwa si masika, sipandi kitu." Akisema hivyo, nyumba yake italala njaa.

Zamani, siku tulipokuwa tukishusha na kupakia shehena kwa mabega, baharia mmoja wa meli ya Ulaya alinieleza kuwa kwao miezi hiyo hiyo majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika yote, mti ukabaki mifupa. Akasema watu wa kwao huufananisha uzee na majira hayo. Wengine wetu kwa Kiswahili huyaita majira yale ya Ulaya kwa jina lile lile, vuli. Nililiweka jambo hili moyoni. Miezi ni ile ile na jina ni lile lile, lakini mmoja akitaja vuli aona majani yanayoanguka, na mwingine aona mvua ya kupandia.

Nilipostaafu, ndugu zangu, mimi niliyaona majani peke yake.

Niliingia kazini mwaka 1974, kijana wa miaka 20, kibarua wa kungoja langoni asubuhi na kuomba jina langu liitwe. Gunia la kahawa lilikuwa kilo 60, na tulilibeba huku tukiimba. Baadaye makontena yakazidi, mashine zikazidi, na magenge yakapungua. Mimi nilibahatika kubaki. Nilitoka mwaka 2014, nimetimiza miaka 60. Walinifanyia karamu ndogo, nikapewa saa ya ukutani na barua. Niliipeleka saa ile nyumbani nikaitundika. Usiku ule nikaisikia ikigonga, nikajiuliza: mtu asiye na pa kwenda apewe saa ya nini?

Kesho yake niliamka saa kumi alfajiri. Sikuamshwa na mtu, mwili wenyewe uliamka. Nikavaa, nikatoka, nikapanda feri ya Likoni pamoja na wenye kazi zao, nikaenda mpaka langoni. Askari wa lango alinijua, akaniamkia vizuri, lakini hakuweza kunifungulia. Nikanunua kahawa, nikasimama kando nikawatazama wenzangu wakiingia. Nilifanya hivyo karibu miezi mitatu. Nyumbani niliwaambia naenda kushughulikia karatasi za malipo.

Na hayo malipo, kile tukiitacho kiinua mgongo, jina lake ni zuri sana, lakini mgongo wangu haukuinuka. Nilibadili mabati ya nyumba, nikamlipia mtoto wa mwisho karo, na sehemu kubwa nikaitia katika biashara ya gari ya jamaa yangu. Gari likaharibika injini, na fedha zikaenda nalo. Hata miaka miwili haikutimia. Hapo nikaanza kuwa mtu wa uchungu. Niliwalaumu matajiri, nikawalaumu vijana waliochukua nafasi zetu, nikakilaumu chama. Chai ikichelewa, ugomvi. Wajukuu wakicheka, ugomvi. Wenzangu wakipita kuniita barazani tucheze bao, nasema sina nafasi, nami siku nzima sina kazi.

Sasa nitawaambia habari ya mwenzangu mmoja. Jina lake nitalihifadhi. Tulikuwa genge moja kwa miaka 20 na zaidi. Siku moja kamba ya winchi ilipokatika, yeye ndiye aliyenivuta shati kwa nyuma, na mzigo ukaanguka pale pale nilipokuwa nimesimama. Alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, naye pia alijifungia ndani kwa uchungu. Alikaa Changamwe, mimi nikakaa Mtongwe. Kila juma nilisema nitakwenda kumwona, na kila juma nikajipa sababu. Mwisho nikaletewa habari kuwa amezikwa siku mbili nyuma. Jirani yake aliniambia kwamba katika miezi yake ya mwisho alikuwa akiuliza, "Hivi watu wa gatini bado wako?"

Ndugu wanachama, nimebeba mizigo mingi katika maisha yangu, lakini swali lile ndilo zito kuliko yote. Mtu huyu aliniokoa roho, na mimi sikumwambia ahsante hata siku moja. Gatini hatukuwa na desturi hiyo. Ulikuwa ukiokolewa, unamtania mwenzako kidogo, kisha kazi inaendelea.

Nilirudi kutoka kwenye hitima nikakaa uani bila kusema. Mke wangu akaniuliza lililonisibu, nikamweleza. Nikasema, "Mimi ni mtu nisiyejua kushukuru." Nilidhani atanipoza moyo. Lakini yeye ni mwanamke wa maneno ya kweli. Alisema, "Baba watoto, tangu ulipanioa mwaka 1978 mpaka ulipostaafu, niliamka saa tisa na nusu usiku kukutilia maji moto na kukufungia chakula. Miaka 36. Wewe ulipewa saa na karamu. Mimi nilistaafu lini?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Na mwili wangu ulipoamka saa kumi kama desturi yake, sikwenda kwenye feri. Niliwasha jiko, nikatia maji, nikapika chai ya tangawizi. Nilizidisha sukari, na maziwa nusu yakamwagika. Nikampelekea kitandani. Aliitazama chai, akanitazama mimi, akauliza kama naumwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo vuli yangu ilipoanza kunyesha.

Kutoka siku ile nimekuwa na kazi, na zamu yangu ni ya alfajiri. Kuamka mapema, jambo lililokuwa likinisumbua, limegeuka kuwa faida. Napika chai, natwanga iliki ya mahamri, na kulipokucha tunakaa wawili uani kabla wajukuu hawajaamka. Mara nyingine hatusemi kitu. Kutoka kwetu Mtongwe waweza kuziona meli ng'ambo ya pili, Kilindini, taa zake zikizimika moja moja jua linapopanda. Miaka 40 nilikuwa ndani ya meli zile, macho yangu yakitazama mzigo na kamba. Sikuwahi kuona kwamba ni nzuri.

Nilianza pia kupanda. Nyuma ya nyumba kuna kipande kidogo cha ardhi, nusu yake takataka. Nilikisafisha mwezi wa Septemba nikangoja. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, ile harufu ya udongo uliolowa ilipanda, nami nikajikuta nimesimama mvuani na kofia yangu, nacheka peke yangu kama mtoto. Nilipanda kunde. Haikupita miezi mitatu tukala kunde zetu kwa nazi, na jirani tukampelekea bakuli. Zilikuwa kunde za shilingi ngapi? Si nyingi. Lakini nilizila kwa furaha ambayo sikuipata siku nilipopokea kiinua mgongo chote.

Mjukuu wangu aliyeko sekondari nilimsimulia habari ya yule baharia na miti ya Ulaya. Akaniambia, "Babu, miti ile haifi. Jani linapoanguka, chipukizi la mwaka ujao limekwisha tengenezwa pale pale kwenye shina la jani." Nikamwambia hata mbuyu wetu ni hivyo. Wakati wa kiangazi husimama mtupu, na mgeni akiuona atadhani umekufa, kumbe umejaza maji katika shina lake, unangoja wakati wake. Tukakaa mimi na yeye tukizungumza miti mpaka magharibi. Mtoto huyo huyo nilikuwa nikimfukuza kwa sababu ya kelele.

Sasa naona baadhi yenu mwatazamana. Najua mnalofikiri. Mnasema, "Mzee ametulia, anatufundisha kuridhika na kunde." La! Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu neno hili la shukrani limetumiwa vibaya mbele ya wafanya kazi.

Ni mara ngapi mfanya kazi ameomba nyongeza akaambiwa, "Shukuru unayo kazi, wangapi wako nje ya lango"? Ni mara ngapi kibarua aliyeumia mkono ameambiwa ashukuru hakufa? Hiyo si shukrani. Hiyo ni kumfunga mtu mdomo kwa neno zuri. Shukrani ya kweli haitolewi kwa amri, wala haimwambii mtu aache haki yake. Kushukuru ni kujua ulichopewa, umepewa na nani, na kilimgharimu nini.

Basi tuhesabu. Mimi nilipoingia kazini mwaka 1974 nilikuta chama, nikakuta mishahara ya makubaliano, nikakuta likizo. Nilidhani mambo hayo yameota kama majani. Hayakuota. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa gatini, wa reli, wa mahoteli na hata wa majumbani, waligoma pamoja. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka ule ule akawekwa mbali na mji huu kwa miaka. Mwezi wa Machi 1955 watu wa gatini waligoma tena, na Tom Mboya, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25, akashuka kutoka Nairobi kusaidia katika mazungumzo, na mishahara ikapanda. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Fikirini kidogo: mtu aliyekuwa na miaka 45 katika mgomo wa 1947 alikuwa na miaka 63 sheria hiyo ilipopita. Mfuko ulizaliwa yeye amekwisha choka. Alipanda mti akijua kivuli chake si chake.

Mimi ninapokaa uani asubuhi na chai yangu, watu hao nao wako pale. Kidogo nilicho nacho kina jasho lao ndani yake. Na nikishajua hivyo, siwezi kukaa kimya nikiona haki za wenzangu zinaliwa. Mwenye kushukuru ndiye mlinzi mzuri kuliko wote, kwa sababu ajua thamani ya anachokilinda.

Wala sitaki kuwadanganya kuwa chai na kunde zatosha. Mgongo wangu wauma, na dawa ni ghali. Mtaani kwetu wako wazee waliotimiza miaka 70 wasio na kitu ila zile shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa walioandikishwa. Gawanyeni kwa siku 30, hazifiki shilingi 67 kwa siku. Mwambie mzee huyo afurahi tu, utakuwa unamtukana. Furaha ya uzeeni yataka chakula, yataka dawa, na yataka watu. Chakula na dawa hupiganiwa mapema, wakati mtu bado ana nguvu. Na watu je? Watu hutunzwa mapema vile vile, na hapa ndipo wengi wetu tulipokosea.

Kwa hiyo vijana, nawaachia maneno matatu.

La kwanza, angalieni akiba zenu. Tangu Februari 1923? La, ulimi wa mzee huo! Tangu Februari 2023, makato ya NSSF yamekuwa yakifuata ile sheria mpya ya 2013, mfanya kazi asilimia 6 na tajiri asilimia 6, hadi kiwango kilichowekwa. Msitazame karatasi ya mshahara peke yake. Ulizeni kama fedha zimefika kwenye mfuko kwa jina lako na namba yako. Zikiwa hazikufika, mlete habari kwa mjumbe wa chama siku ile ile, msingoje miaka 30 ipite. Na kiinua mgongo kikija, msikimbilie biashara msiyoijua. Mimi nimekwisha lipa ada ya somo hilo, ninyi lichukueni bure.

La pili, semeni ahsante sasa. Mwambieni aliyewavuta shati winchi ilipokatika. Mwambieni anayewatilia maji usiku. Msingoje karamu ya kustaafu, wala hitima. Mtu asiyejizoeza kushukuru katika masika yake hatajua namna ya kushukuru vuli ikija. Na jizoezeni furaha ndogo mkiwa kazini: kahawa na wenzako baada ya zamu, mchezo wa bao, mtoto anayekuja kukupokea mlangoni. Hizo ndizo mbegu mtakazopanda wakati huo, na mbegu hazinunuliwi siku ya mvua.

La tatu ndilo ombi langu kwa tawi, na namwomba ndugu Katibu aliandike katika kumbukumbu za mkutano. Tufanye daftari la wastaafu wetu wote, mahali wanapokaa na hali zao. Kila genge, kila idara, ichukue wastaafu wake na iwatembelee, hata mara moja kwa mwezi. Si lazima kwenda na mfuko wa sukari, ingawa sukari haikataliwi. Nendeni mkae barazani nusu saa. Waulizeni juu ya kazi. Mzee aliyenyamaza mwaka mzima, ukimwuliza namna mlivyokuwa mkipakia kahawa, atasimama akuonyeshe kwa mikono, na siku hiyo atakula vizuri. Nanyi mtajifunza, kwa kuwa penye wazee haliharibiki neno. Mimi mwenyewe nimekwisha anza. Kila Jumamosi navuka feri, siendi tena langoni. Nakwenda kwa mwenzetu mmoja Majengo ambaye macho yake hayaoni, nikampa habari za meli zilizoingia. Wiki iliyopita alinisahihisha juu ya meli ya mwaka 1981. Tulibishana mpaka mkewe akatutenganisha, na niliporudi nyumbani nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote waliokuwa ndani ya feri.

Yule mwenzangu wa Changamwe aliuliza kama watu wa gatini bado wako. Siwezi tena kumjibu. Lakini nataka asiwepo mzee mwingine wa chama hiki atakayeuliza swali lile akakosa wa kumjibu. Mtu akibisha hodi mlangoni pake, hilo ndilo jibu.

Ile saa ya ukutani bado ninayo. Ikifika saa kumi alfajiri naisikia ikigonga, nami naondoka kwenda kuwasha jiko. Vuli yangu ni ndogo, sijui itanyesha kwa muda gani, lakini kunde nimekwisha panda.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Umoja ni nguvu. Ahsanteni sana, na safari hii neno hilo nalisema kwa moyo.

(Baada ya hotuba hii wanachama walikubali kwa kuinua mikono kwamba daftari la wastaafu lifanywe. Kila mwanachama anayejua alipo mstaafu yeyote wa kazi yetu anaombwa ampelekee Katibu wa tawi habari hizo.)